Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Wateuzi na Kuporomoka kwa Kriketi ya Kenya

Timu ya taifa inaposhindwa, wa kwanza kutukanwa ni mchezaji. Aliyeponyokwa na mpira hutajwa jina mabarazani, na aliyetolewa bila ya kupata hata mkimbio mmoja hupewa lakabu ya kumkera maisha. Wa pili kulaumiwa ni kocha, hasa akiwa mgeni. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye watu aghalabu humsahau, naye ni yule aliyekaa chumbani, juu ya kiti, kalamu mkononi, akaandika majina ya watakaosafiri na kuyakata ya watakaobaki. Huyo ndiye mteuzi. Hashiki gongo, hatupi mpira, wala jua la uwanjani halimpati. Juu ya hayo, mechi haijaanza yeye ameshacheza nusu yake.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kumzungumza mtu huyu, na mfano tutakaoutumia hauko mbali. Ni kriketi ya Kenya, mchezo uliotupandisha mpaka tukatajwa dunia nzima, kisha ukatushusha mpaka baadhi ya vijana wetu hawaamini tukiwasimulia kwamba zamani tulikuwa watu.

Kwa asiyeujua mchezo huu, na tueleze kidogo. Kila upande una watu kumi na mmoja. Kazi yao si moja. Wako wapigaji, ambao kazi yao ni kukusanya mikimbio; wako warushaji wa kasi, wanaokuja mbio wakautupa mpira kama kombora; wako warushaji wa polepole, ambao mpira wao huzunguka ukaota kona unapogusa ardhi; na yuko mmoja anayekaa nyuma ya vijiti kudaka. Basi kupanga timu ni kama kupakia jahazi. Ukiweka shehena yote tezini, omo itainuka; ukiiweka yote upande mmoja, chombo kitalala. Mpangaji lazima ajue shehena yake, aijue bahari anayokwenda, na ajue pepo za wakati huo, kama ni kusi au ni kaskazi. Anayepakia kwa kupendeza macho atazamisha watu.

Siku za neema

Kenya iliingia katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1996, mashindano yaliyofanyika India, Pakistan na Sri Lanka. Wengi wa wachezaji wetu walikuwa na kazi zao za kila siku, na kriketi walikuwa wakiicheza baada ya kazi na mwisho wa juma. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, walikutana na West Indies, timu iliyokuwa imewahi kulitwaa Kombe hilo mara mbili, ikiwa na Richie Richardson, Brian Lara na warushaji wa kutisha. Kenya ilipiga mikimbio 166 tu. Kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa ndiyo yanaanza! West Indies walitolewa wote kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe aliangusha watu watatu, Rajab Ali akaangusha watatu, na Lara mwenyewe alidakwa nyuma ya vijiti na Tariq Iqbal. Kenya ikashinda kwa mikimbio 73.

Mwaka 1998, mwezi wa Mei, Kenya iliishinda India huko huko kwao, mjini Gwalior. Na mwaka 2003, katika Kombe la Dunia lililoandaliwa Afrika Kusini, pamoja na mechi chache zilizochezwa Zimbabwe na Kenya, tuliwatoa Sri Lanka mjini Nairobi, kijana Collins Obuya akiwa amewaangusha watano peke yake. New Zealand wao walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, nasi tukapewa pointi zao. Tukawashinda Bangladesh, tukawashinda Zimbabwe, tukaingia nusu-fainali. Tulifungwa na India mjini Durban, lakini hapana nchi nyingine isiyokuwa na daraja ya mechi za Testi iliyowahi kufika hapo katika Kombe hilo.

Sasa tuangalie jambo ambalo wengi hawakulitazama. Steve Tikolo, Maurice Odumbe, Thomas Odoyo, Kennedy Otieno, Hitesh Modi, Martin Suji na Aasif Karim walikuwemo mwaka 1996, na mwaka 2003 walikuwemo vile vile. Miaka saba, watu wale wale saba. Katika miaka hiyo walifungwa mara nyingi. Katika Kombe la Dunia la 1999, Uingereza, walipoteza mechi zao zote tano. Lau kama wateuzi wa wakati ule wangekuwa watu wa hamaki, wangaliwafagia wote siku ile waliyorudi nyumbani. Hawakufanya hivyo. Waliwaacha wajuane, wazoeane, kila mmoja amtambue mwenziwe kwa kivuli. Mavuno ya 2003 yalitokana na subira hiyo.

Mzee wa Mombasa

Katika majina hayo saba, liko moja ambalo sisi watu wa Pwani tuna haki ya kulitaja kwa sauti. Aasif Karim alizaliwa Mombasa mwaka 1963. Alikuwa mrushaji wa polepole wa mkono wa kushoto, na si kriketi tu, bali katika tenisi pia aliiwakilisha nchi yake. Aliiongoza timu ya kriketi mpaka Kombe la 1999, kisha akajiuzulu na kukaa kando.

Mwaka 2003 aliitwa tena. Alikuwa na umri wa miaka 39. Wako walionong'ona: ati huyu mzee anarudishwa kufanya nini, hapana vijana? Jawabu lilipatikana Durban tarehe 15 Machi, siku ya kupambana na Australia, mabingwa wa dunia, ambao hakuna timu iliyowaweza katika mashindano yale. Australia walikuwa wakikimbilia mikimbio 175, wakienda kama gari lililokatika breki. Karim akapewa mpira. Alimtoa Ricky Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Alirusha ova nane na mipira miwili, na katika hizo ova sita hazikutoa hata mkimbio mmoja. Jumla alitoa mikimbio saba tu. Australia walishinda hatimaye, lakini mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa mzee wa Mombasa.

Jungu kuu halikosi ukoko. Hata hivyo, tusiishie kwenye methali, tutazame na sababu. Karim hakuitwa kwa kuwa wateuzi walikuwa wamepotelewa na njia. Timu ilikuwapo, ina nahodha, ina wapigaji, ina warushaji wa kasi, ina kijana Obuya anayezungusha mpira kutoka upande mmoja. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye ufundi wa namna moja: mkono wa kushoto, mpira wa polepole, na moyo usiotetema. Waliliona pengo, wakamjua wa kuliziba, wakamfuata. Huo ndio uteuzi. Tulishike vizuri jambo hili, maana tutalihitaji huko mbele.

Kuporomoka

Baada ya 2003, jengo lilianza kutoa nyufa. Mwezi wa Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na watu wa kamari. Mwaka huo huo wachezaji wakongwe walizozana na chama juu ya malipo, na nchi ikawakilishwa na timu pungufu. Toka Septemba 2004 hadi Februari 2006, Kenya haikucheza hata mechi moja rasmi ya kimataifa ya siku moja. Fikiri, ewe msomaji: timu iliyofika nusu-fainali ya dunia ikakaa mwaka mzima na zaidi bila ya mechi! Chama cha zamani kikavunjika, kikaundwa kipya mwaka 2005.

Ni kweli kwamba katika hayo wateuzi hawakuwa na kosa. Mteuzi hawezi kuchagua mtu aliyegoma, wala hawezi kupanga timu ya mechi isiyokuwapo. Lakini timu ilipotulia, na chama kipya kikashika hatamu, makosa ya uteuzi yakaja juu ya makosa ya uongozi, kama mvua inyeshayo juu ya paa lililokwisha toboka.

Tuanze na unahodha. Steve Tikolo aliuacha mwaka 2009. Akaushika Maurice Ouma. Mwaka 2010 akaushika Jimmy Kamande, miezi michache tu kabla ya Kombe la Dunia. Mwaka 2011, baada ya Kombe, ukaenda kwa Collins Obuya. Mwanzoni mwa 2014, katika mashindano ya kutetea daraja yetu, nahodha alikuwa Rakep Patel. Manahodha watano katika muda usiotimia miaka sita. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Walisema juu ya manahodha wengi kwa wakati mmoja, lakini hata wakija mmoja baada ya mwingine, matokeo hayatofautiani sana. Kila nahodha mpya huja na watu anaowaamini na mpango wake, na kabla mabaharia hawajaizoea sauti yake, yuko mwingine anayewapigia kelele.

Makocha nao walipita kama wageni wa harusi. Alikuwapo Eldine Baptiste wa West Indies. Mwaka 2011 akaja Mike Hesson wa New Zealand, akaondoka mwaka 2012 kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kocha huyo huyo akapewa timu ya kwao New Zealand, na mwaka 2015 akaifikisha fainali ya Kombe la Dunia. Basi haiwezekani kusema kwamba sisi hatukupata walimu. Mwalimu tulimpata, darasa ndilo lililokuwa halitulii.

Kisha tuje kwenye majina ya wachezaji. Katika Kombe la 2011, lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, Kenya ilipoteza mechi zote sita. Siku ya kwanza, mjini Chennai, New Zealand walitutoa kwa mikimbio 69, na wao wakaifikia bila ya kumpoteza mtu, katika ova nane tu. Siku tatu baadaye Pakistan walitushinda kwa mikimbio 205. Katika kikosi kile alikuwemo Tikolo, umri wake miaka 39, na Odoyo, wote wawili wakicheza Kombe lao la tano. Hapana anayetaka kuwavunjia heshima. Tikolo ndiye mpigaji mkubwa kuliko wote waliotoka nchi hii, na Odoyo alibeba mzigo wa mpira mpya kwa miaka kumi na mitano. Suala ni jingine: baina ya 2003 na 2011 palipita miaka minane. Katika miaka minane mtoto wa darasa la tano huwa mtu mzima mwenye ndevu. Vijana waliopaswa kuwapokea wazee hao mizigo walikuwa wapi? Baadhi yao waliitwa, wakajaribiwa mechi mbili tatu, wakatiwa nje, wakaitwa tena, wakatiwa nje tena. Wengine hawakuonekana kabisa.

Baada ya aibu ile, mkono wa pili wa kosa ukaonekana. Chombo kikageuzwa ghafula. Wakongwe kadha wakaondoka au wakawekwa kando, unahodha ukahamishwa, na ikasemwa sasa ni zamu ya damu changa. Lakini mwaka 2013, Tikolo ambaye alikuwa ameshaaga mjini Kolkata tarehe 20 Machi 2011, aliitwa tena akiwa na miaka 42. Alicheza mashindano ya mchujo ya ova 20 huko Falme za Kiarabu, na akawemo katika mchujo wa Kombe la Dunia, New Zealand, Januari 2014. Hayakutufaa. Tulikosa Kombe, na daraja ya mechi za kimataifa za siku moja tuliyokuwa nayo tangu 1996 ikatutoka.

Sasa wakumbukeni Karim wa 2003 na mumweke kando ya Tikolo wa 2013. Wote wawili walikuwa wazee, wote wawili walikuwa wamestaafu, wote wawili waliitwa na nchi wakaitikia. Na mwenye kuitikia mwito wa nchi yake hana lawama. Tofauti iko kwa aliyeita. Wa 2003 waliita mtu mmoja kuziba pengo moja katika nyumba iliyosimama. Wa 2013 walimwita mtu mmoja aje aishike nyumba nzima isianguke. Ukoko ni mtamu, lakini hapana mwenye akili anayealika watu karamuni akitegemea ukoko.

Tisini na tatu

Iko hesabu moja inayouma kuliko zote. Tarehe 4 Oktoba 2013, mjini Sharjah, Kenya ilipambana na Afghanistan, nchi ambayo mwaka 2008 ilikuwa ikicheza daraja ya tano ya dunia. Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 93. Afghanistan wakashinda, wakajikatia tiketi ya Kombe la Dunia la 2015. Tisini na tatu ni hesabu ile ile tuliyowatolea West Indies mjini Pune mwaka 1996. Siku ile sisi ndio tuliokuwa wanyonge tukiwaangusha wakubwa. Sharjah tuliangushwa sisi, na wala hatukuwa wakubwa tena.

Afghanistan hawakusimama hapo. Mwaka 2017 walipewa daraja ya Testi, daraja ambayo Kenya iliiomba wakati wa neema yake isiipate. Mwaka 2024 waliingia nusu-fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Watu wa nchi iliyoteketezwa na vita, ambao wengi wa wachezaji wao wa mwanzo waliujulia mchezo katika kambi za wakimbizi za Pakistan! Wakati huo sisi, mwaka 2018, tulishika mkia katika daraja ya pili huko Namibia, na nahodha Rakep Patel, kocha Odoyo pamoja na mwenyekiti wa chama wakajiuzulu. Na mwaka 2023 jirani zetu wa Uganda, tuliokuwa tukiwafundisha, waliishinda Zimbabwe, wakaenda Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024. Sisi tuliwatazama.

Wazungu nao waliteleza

Asije mtu akasema haya ni maradhi ya Mwafrika. Waingereza, waliouanzisha mchezo wenyewe, waliugua maradhi haya haya. Mwaka 1988 walipambana na West Indies katika mechi tano za Testi. Katika mechi hizo tano walikuwa na manahodha wanne: Mike Gatting, John Emburey, Chris Cowdrey na Graham Gooch. Mwenyekiti wa wateuzi, Peter May, alikuwa baba wa ubatizo wa huyo Cowdrey. Huenda alimchagua kwa uwezo wake, nia ya mtu haionekani. Lakini Cowdrey aliongoza mechi moja tu, na Testi nyingine hakucheza maisha yake. Mfululizo ule walipoteza nne, bila ya kushinda hata moja.

Mwaka uliofuata, 1989, wakaja Australia. Katika mechi sita, wateuzi wa Uingereza walitumia wachezaji 29. Ishirini na tisa! Kila aliyeteleza alitolewa, na kila aliyesifiwa na magazeti Jumatatu aliitwa Ijumaa. Australia walitumia 12 tu. Matokeo yalikuwa ushindi wa nne kwa sifuri kwa Australia.

Tena Australia hawa hawakuwa malaika. Miaka michache nyuma walikuwa taabani. Mwaka 1984 nahodha wao, Kim Hughes, alijiuzulu huku akitokwa na machozi mbele ya waandishi. Akashika Allan Border, na mwaka 1986 akaja Bob Simpson kuwa kocha. Wakachagua vijana wachache wenye moyo, wakakaa nao. Mmoja wao, Steve Waugh, alicheza Testi 26 bila ya kufikisha mia hata mara moja. Mia yake ya kwanza aliipata katika Testi ya 27, huko huko Uingereza, mwaka 1989. Hebu tujiulize kwa insafu: huyo Waugh angalizaliwa kwetu, angelifika mechi ya 27? Bila ya shaka angelikuwa ameshasahauliwa, anauza duka la babake. Kumbe alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa na manahodha wakubwa wa zama zake.

Wala hatuna haja ya kwenda Australia kuitafuta hekima hii. Collins Obuya wetu mwenyewe ni ushahidi. Aliyewaangusha Sri Lanka mwaka 2003 alikuwa mrushaji. Mkono ukaja ukampotea, na wengi wakasema kijana kwisha. Hakwisha. Alijifunza upya, akageuka mpigaji, na mwaka 2011, katika Kombe lile lile la aibu, alisimama mbele ya Australia mjini Bangalore akapata mikimbio 98 bila ya kutolewa. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini yuko na samaki anayetaka kuachwa mtoni miaka miwili zaidi ndipo unene.

Haki na mizani

Uteuzi ni amana. Mteuzi si mwenye timu. Timu ni ya watu, na yeye amewekewa. Mwenye kuwekewa amana hulazimika mambo mawili: ajue, na awe mwadilifu. Akiwa mwadilifu asiyejua, atadhulumu kwa ujinga. Akijua bila ya kuwa mwadilifu, atadhulumu kwa makusudi.

Kuhusu uadilifu, kriketi yetu ina kisa kimoja ambacho ingefaa kila mteuzi akisome kabla ya kushika kalamu. Mwaka 2006, mjini Nairobi, Kenya ilikuwa ikicheza na Bangladesh. Hitesh Modi alikuwa akipiga. Mpira ukampiga mguuni mbele ya vijiti, na warushaji wakapaza sauti kutaka hukumu. Mwamuzi aliyesimama pale alikuwa Subhash Modi, babake mzazi. Mzee akainua kidole: umetoka! Uamuzi ule ulimwondoa mwanawe, tena ulimwondoa mchezaji wa nchi yake, na mzee hakusita. Kama mtu anaweza kumhukumu mwana wake wa kumzaa mbele ya kadamnasi, vipi watu wanaokaa chumbani washindwe kumkata jina mtoto wa rafiki?

Na kuhusu kujua, mteuzi lazima atoke. Mchezo wetu umejikusanya mno Nairobi, katika vilabu vichache na jamaa chache. Ndugu wawili, watatu wa nyumba moja kuchezea taifa si dhambi. Wengi wao walistahili, na bila ya wao tusingefika popote. Lakini ikiwa jicho la mteuzi huishia pale pale ndugu hao walipokulia, basi nchi nzima hupimwa kwa kibaba cha mtaa mmoja. Uwanja wa Mombasa Sports Club ulipokea mechi za kimataifa mwaka 2006 na 2007, timu za Bermuda, Scotland na Canada zikacheza papo hapo kisiwani. Watoto wetu walizitazama. Ni wangapi waliofuatwa baadaye, wakashikwa mkono, wakaulizwa: wewe, mkono wako wa kushoto huo, hebu tupa mpira tuone? Karim mmoja alitoka Mombasa. Hapana sheria ya maumbile isemayo awe wa mwisho.

Mwandishi wa makala haya, kwa kuwa ulimi wake umezoea kupimwa kwa mizani, anaomba ruhusa kuyafunga maneno haya katika ubeti mmoja:

Mteuzi shika haki, mizani usiipinde,
Usitazame rafiki, wala ndugu umpende,
Wa jana hatupiliki, wa leo naye apande,
Pwani chombo hakifiki, kila saa tukiunde.

La kufanya

Basi lipi lifanywe? Kwanza, wateuzi wawe watu waliocheza mchezo wenyewe au walioutazama kwa miaka, na wajulikane kwa majina. Mtu akijua kwamba ataulizwa, kalamu yake huwa nzito. Pili, waandike sababu. Aliyeachwa aambiwe kwa nini ameachwa na afanye nini ili arudi. Mchezaji asiyejua kosa lake hana namna ya kulirekebisha, na badala ya kufanya mazoezi ataanza kutafuta wa kumsemea. Tatu, kijana akichaguliwa apewe muda wa kushindwa. Mechi mbili haziwezi kumpima mtu. Hata nazi huoni kama ni koroma mpaka uivunje. Nne, mzee asitupwe kabla hajamfundisha mrithi wake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ukishauona mbacha umechanika, anza kusuka mwingine mapema, usingoje wageni wapige hodi.

Tano, na hili ndilo kubwa, wachezaji wapatiwe mechi. Hata mteuzi hodari kuliko wote duniani hawezi kuvuna asipopanda mtu. Skuli zetu za Pwani zikiwa na viwanja na mipira, na ligi ya Mombasa ikichezwa kila juma bila ya kukatika, hapo mteuzi atakuwa na wa kuwateua. Akikosa ghala, ataendelea kukwangua sufuria, na kila mwaka tutalaumu sufuria.

Maneno haya hayahusu kriketi peke yake. Kila penye kamati, penye uteuzi pana amana: katika klabu ya mpira, katika chama cha wavuvi, katika bodi ya skuli. Kuna mtu anakata jina la mtu, na nyuma ya jina lile pana kijana aliyeamka alfajiri miaka mitano akijitayarisha. Kijana huyo akishindwa uwanjani kwa haki, atarudi nyumbani akajifunze zaidi. Akishindwa chumbani, kwa jambo asilolijua, atauacha mchezo, na siku tutakapomtafuta hatutampata.